Mkono Mmoja ni wa Kafi: Kuchagua Fimbo, Rili na Sona za Kayaki

Mvuvi anayehama kutoka boti ya injini kuja kwenye kayaki huja na zana zake zote, na zana hizo hizo ndizo humsumbua. Si kwamba ni mbovu. Zilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyesimama kwenye sitaha pana, mikono yote miwili iko huru, mota ya umeme inamshikia chombo mahali pake kwa amri ya mguu. Kwenye kayaki umekaa karibu kabisa na maji, miguu umeinyoosha mbele, na kila wakati mkono mmoja una shughuli nyingine: kushika kafi, kusukuma tete, kujizuia usikigonge kisiki. Mshika mbili moja humponyoka, na mvuvi wa kayaki analijua hilo kwa vitendo.

Kwa hiyo kila kifaa kinachotaka kupanda chomboni mwangu nakiuliza swali moja: nitaweza kukitumia nikiwa nimekaa, kwa mkono mmoja, kikiwa kimelowa? Fimbo naiuliza, rili inayokunja mshipi naiuliza, hata skrini ya sona, kifaa kinachoonesha chini ya maji kwa kutumia sauti. Majibu ninayopata hayafanani sana na yale ya kwenye katalogi. Katalogi zenyewe nazipenda, fahari ya macho haifilisi duka, lakini waandishi wake humpima mvuvi akiwa amesimama.

Kwanza tumjue tunayemfuata. Besi mdomo-mkubwa ni samaki wa maji baridi wa jenasi ya Micropterus, mwenyeji wa Amerika ya Kaskazini ambaye binadamu wamemsambaza Afrika, Ulaya na Asia. Ni mviziaji. Hapendi kukimbizana na mawindo kwenye maji ya wazi. Hujibanza kivulini, ubavuni mwa gogo, ukingoni mwa magugu, chini ya mayungiyungi, kisha hutoka mara moja na kumeza. Sehemu kubwa ya mwaka unamkuta kwenye maji yasiyozidi mita 5 au 6, na mara nyingi pungufu ya hapo. Hapo ndipo kayaki inapoishinda boti: inaelea kwenye maji ya magotini, haina mngurumo, na inapenya kwenye matete ambako injini ingesokotwa na magugu mara ya kwanza tu. Lakini ukishapenya, umezungukwa. Juu kuna matawi, pembeni kuna matete, chini kuna visiki. Zana zako lazima zifanye kazi kwenye nafasi hiyo hiyo finyu.

Fimbo

Ushauri unaosikika kila mahali ni kwamba kwa kuwa umekaa, ununue fimbo fupi. Mimi siukubali, na sababu yangu iko mbele ya miguu yako: omo. Kayaki nyingi za uvuvi zina urefu wa mita 3 hadi 4, na kiti kiko karibu na katikati, kwa hiyo omo iko kama mita 1.5 hadi 2 kutoka ulipokaa. Besi akishanaswa, moja ya hila zake ni kupita chini ya chombo. Kwenye boti ungetembea naye mpaka mbele. Hapa hutembei. Unachoweza ni kuinama, kunyoosha mikono na kuizungusha ncha ya fimbo mbele ya omo ili mshipi usisuguane na tumbo la chombo. Fimbo ya futi 6 hukuacha njiani. Ya futi 7, yaani mita 2.13, ukijumlisha na urefu wa mikono yako, inazunguka na nafasi inabaki.

Kinachotakiwa kuwa kifupi ni mpini. Hili wauzaji hawalisemi sana. Fimbo nyingi za besi zina kitako kirefu nyuma ya rili ili mtu aliyesimama aupate uwezo wa kutupa kwa mikono miwili na kukiegemeza kiunoni. Ukikaa, kitako hicho kinakwama kwenye jaketi la kuokolea maisha kila unapotaka kukipitisha upande wa pili, na jaketi huvui, kwa hiyo kitakachobadilika ni fimbo. Kipimo changu ni chepesi: kaa kwenye kiti cha chini, jaketi likiwa mwilini, shika fimbo kama unavyoshika ukivua, kisha ipitishe kutoka kulia kwenda kushoto mbele ya kifua. Kitako kikipita chini ya kiwiko bila kugusa kitu, fimbo hiyo ni yako. Kikikwama hata mara moja, irudishe ilikotoka.

Kuna kazi moja ambayo futi 7 ni nyingi. Chambo cha juu ya maji kinachotembezwa kwa kuyumba kulia na kushoto huchezeshwa kwa kuigonga ncha ya fimbo kuelekea chini. Aliyesimama ana nafasi tele chini ya mikono yake. Wewe mikono yako iko chini kiasi kwamba ncha ndefu itayapiga maji badala ya kukichezesha chambo, na kila kofi ni taarifa kwa samaki. Kwa kazi hiyo nachukua fimbo ya futi 6 na inchi 6 au 8, na sioni haja ya kuomba radhi kwa ufupi wake.

Tukija kwenye ukakamavu, mambo yanavutia zaidi, kwa sababu hapa chombo chenyewe kinaingia kwenye hesabu. Mtu aliyesimama akikita ndoana, miguu yake imeshikwa na sitaha ya boti nzito. Wewe ukikita, kayaki inateleza kumfuata samaki. Sehemu ya nguvu yako inakwenda kukivuta chombo badala ya kuzamisha ncha ya ndoana. Ndiyo maana nataka fimbo ya nguvu ya kati kuelekea nzito, inayopinda karibu na ncha na kuwa ngumu mapema, ili nguvu kidogo niliyo nayo ifike bila kupotea njiani. Na namna ya kukita pia inabadilika. Usiinue mikono juu kama unavyoona kwenye video za mashindano. Zungusha rili mpaka ulegevu wote uishe, kisha fagia fimbo kwa ubavu, sambamba na maji, ukitumia kiuno. Ukiinua juu na ndoana ikachomoka, chambo kinakurudia usoni, na umekaa, huna pa kukikwepea.

Kuteleza huko huko kuna faida yake. Besi mkubwa akikurupuka, kayaki inamfuata kidogo, na ule mshtuko ambao ungekata mshipi kwenye boti nzito unapungua. Akijifukia kwenye magugu, acha kuvutana naye. Endelea kukaza mshipi taratibu, na utajikuta unasogea wewe mpaka uko juu yake, ukimvuta kwa kwenda juu badala ya kumburuta ndani ya majani. Kwa jambo hili kayaki naipenda kuliko boti yoyote.

Sasa tazama mwisho wa pambano, maana fimbo nyingi huvunjikia hapo. Samaki yuko ubavuni, amechoka nusu. Mkono wa kulia una fimbo, wa kushoto unatafuta wavu. Mwili wote unakusihi uinue fimbo wima, halafu uirudishe nyuma ya bega ili samaki asogee. Fimbo ya grafaiti ikikunjwa namna hiyo, mshipi ukiwa mfupi, mzigo wote unahamia kwenye theluthi ya juu, palipo pembamba, na sauti yake ikipasuka utaijua hata kama hujawahi kuisikia. Dawa yake ni kuacha mshipi mrefu wa kutosha, karibu sawa na urefu wa fimbo, kisha kunyoosha mkono wa fimbo kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo, pembeni, kwa kimo cha bega. Samaki anateleza sambamba na ubavu wa kayaki, kichwa kwanza, na wavu wenye mpini mfupi unamsubiri usawa wa goti. Kidole gumba kinabaki juu ya spuli, ile sehemu ya rili inayobeba mshipi, muda wote: akikurupuka, kinalegea, akitulia, kinabana. Yote hayo ni ya mkono mmoja, na ukitaka kujua kama fimbo imekufaa, jaribu tendo hilo na si jinsi inavyotupa mbali.

Pete ndogo sana za kupitishia mshipi kwenye fimbo, zinazosifiwa kwa kupunguza uzito, nimeziacha. Fundo la kuunganisha mishipi miwili linazigonga likipita, na nyuzi za magugu hujikusanya hapo. Za kawaida zinatosha. Fimbo ya vipande viwili nayo isidharauliwe. Za sasa zimeungwa vizuri, na mwenye kayaki juu ya gari dogo atashukuru.

Ngapi? Tatu. Kuna ya rili ya kutupia yenye mshipi mzito kwa ajili ya magugu na visiki, kuna ya rili hiyo hiyo kwa vyambo vinavyovutwa mfululizo, na ya rili ya spini kwa vyambo vyepesi. Fimbo ya nne nimeona ikipandishwa mara nyingi, na kazi yake kubwa huwa kunasa ndoana za zile tatu. Zikisimama wima nyuma ya kiti hazikusumbui ukitupa kwa ubavu, lakini ukielekea chini ya matawi zilaze, ncha zikielekea omo ambako unaziona. Usiziache zining'inie nje ya ubavu, maana tete moja linatosha kuichukua. Na kumbuka fimbo yenye rili huzama. Wapo wanaofunga kila fimbo kwa kamba ya usalama. Mimi hufunga nikiwa nasafiri au upepo ukiwa mkali, nikianza kuvua nafungua, kwa sababu kamba tatu mapajani ni mtego wangu mwenyewe.

Rili

Rili ya kutupia, ile inayokaa juu ya fimbo na spuli yake ikazunguka chambo kikienda, ndiyo zana kuu ya wavuvi wa besi. Ina breki ya kuzuia spuli isizunguke kuliko kasi ya chambo; ikizunguka kupita kiasi, mshipi unavurugika na asubuhi yako inakwisha. Breki hizo ni za aina mbili. Moja hutumia sumaku, na nyingi unazirekebisha kwa kitufe kilicho nje. Nyingine hutumia vipande vidogo vinavyosukumwa nje na mzunguko, na kwenye rili nyingi lazima ufungue kifuniko cha ubavu ili kuvigusa. Nyumbani mezani, tofauti ni ya ladha tu. Kwenye kayaki, kifuniko kilichofunguliwa kwa vidole vilivyolowa, juu ya maji ya mita 4, kitaanguka siku moja. Nachukua ya sumaku, au yoyote ile inayorekebishwa kwa nje, na upepo ukibadilika nazungusha kitufe kwa kidole gumba bila kuachia fimbo.

Uwiano wa gia ndilo jambo la pili. Ukiona 7.3:1, maana yake spuli inazunguka mara 7.3 kila unapozungusha mkono wa rili mara moja, na rili nyingi za uwiano huo hukusanya takriban sentimita 75 kwa mzunguko. Ya 5:1 hukusanya kidogo lakini ina nguvu, na wengi huipenda kwa vyambo vyenye ulimi mbele vinavyozama ndani na kuvuta kwa nguvu. Kwangu mimi kayaki imeshaamua: nataka kasi. Upepo unakusukuma kuelekea chambo chako, samaki akishikwa anakimbia kuja kwako, na kayaki nayo inamfuata. Ulegevu unazaliwa kutoka pande tatu kwa wakati mmoja, na ndoana inashikilia pale tu mshipi unapokuwa umekaza. Rili ya kasi inaweza kuzungushwa polepole ukitaka. Ya polepole huwezi kuifanya ya kasi.

Halafu kuna upande wa mkono. Rili hizi kwa desturi zilitengenezwa na mkono wake wa kuzungushia ukiwa kulia, ndiyo maana wavuvi wengi wa kulia wanatupa kwa kulia kisha wanahamisha fimbo kwenda kushoto ili wazungushe. Kila utupaji una uhamisho mmoja. Ukiwa kwenye kayaki, uhamisho huo ni sekunde ambayo fimbo haiko mikononi sawasawa, kafi liko mapajani, na besi mara nyingi hushika chambo kinapogusa maji tu. Nunua rili ambayo mkono unaotupa haulazimiki kuachia. Anayetupa kwa kulia achukue ya kuzungusha kwa kushoto. Siku za kwanza utajiona mzembe, halafu utazoea.

Rili ya spini, ile inayoning'inia chini ya fimbo, ni ya vyambo vyepesi vya chini ya gramu 7 hivi, na kwa siku za upepo wa mbele. Saizi ya 2500 inatosha kabisa. Ina unyenyekevu mmoja ninaoupenda: haigombani nawe ukitupa vibaya ukiwa umejikunja upande.

Kuhusu matunzo sina mengi. Kafi linadondosha maji juu ya rili zako tangu asubuhi, maji yenye tope na vijimelea, kwa hiyo ukirudi zifute, zimwagie maji safi taratibu, usizipige kwa mpira wenye presha kwa sababu presha ndiyo inayousukuma uchafu ndani. Legeza dragi, ile breki inayouachia mshipi samaki akivuta, kabla ya kuziweka. Basi.

Mshipi

Kamba hukatikia pembamba, na pembamba pa mvuvi ni mshipi, hivyo hapa sibani. Mshipi wa kusuka wa polithilini hauna mnyumbuko wa maana, na hilo ndilo tunalolitafuta tukikumbuka kwamba ukitaji wetu ni dhaifu kwa kuwa tumekaa. Una msongamano wa takriban 0.97, maji yakiwa 1, kwa hiyo unaelea. Fluorokaboni, mshipi wa plastiki wa aina nyingine, ina takriban 1.78, inazama, na inapinda mwanga kwa kipimo cha 1.42, karibu na maji yenye 1.33 kuliko nailoni inayozidi 1.5, kwa hiyo samaki huiona kwa shida zaidi. Ninaijaza spuli kwa mshipi wa kusuka unaostahimili mvuto wa pauni 30, kisha naunga mita moja au mbili za fluorokaboni ya pauni 15 mbele. Kwenye magugu mazito naacha fluorokaboni kabisa na kupanda hadi pauni 50 za kusuka mpaka kwenye ndoana. Humo ndani samaki haoni mshipi, anaona chura wa plastiki anapita juu ya paa lake. Chambo cha juu ya maji nacho hakitaki fluorokaboni, kwa kuwa itakizamisha pua.

Mshipi wa kusuka usiuzungushe kiganjani ili kuvuta chambo kilichokwama. Unakata nyama. Na kwenye kayaki huna sababu ya kufanya hivyo: piga kafi, kipite kisiki, kisha vuta kutoka upande wa pili. Vyambo vingi vinatoka vyenyewe kwa njia hiyo.

Sona na ndugu zake

Tarehe 2 Juni 1932, George Perry alimvua besi wa pauni 22 na aunsi 4, takriban kilo 10.1, katika ziwa la Montgomery jimboni Georgia, Marekani. Sona ya wavuvi wa burudani haikuwapo. Manabu Kurita alimfikia tarehe 2 Julai 2009 katika ziwa Biwa, Japani, kwa samaki mzito kidogo zaidi, lakini kanuni za IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi, hutaka uzito wa ziada wa aunsi 2 ili rekodi ya samaki wa kimo hicho ihame, kwa hiyo wawili hao wanaigawana. Nawakumbusha haya wanaoanza, kwa sababu nimeona watu wakikopa fedha kwa ajili ya skrini kabla hawajanunua kafi zuri. Kifaa cha kwanza cha kuonea chini ya maji ni miwani ya polaroidi. Inaondoa mng'ao juu ya maji, unaona kisiki, unaona kivuli chenye mapezi, na haina betri.

Ukishakuwa nayo, sona ina maana. Inatuma sauti majini, sauti inasafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, inagonga kitu na kurudi, na mashine inapima muda. Ile ya kawaida ya kilohezi 200 mara nyingi hutoa sauti kwa umbo la koni ya nyuzi 20 hivi. Piga hesabu: kwenye kina cha mita 3, duara linaloonekana chini lina upana wa takriban mita 1. Hiyo ni pungufu ya urefu wa fimbo yako. Maana yake ni kwamba katika maji anamoishi besi, sona ya chini haikuoneshi samaki wa kuvua. Inakuonesha samaki uliyekwisha kumfukuza kwa kukaa juu yake. Na ukiwa umetulia bila kusogea, samaki mmoja aliye chini yako hujichora kama mstari mrefu, kwa sababu skrini inaendelea kutembea hata kama wewe na yeye hamtembei.

Basi kwa nini niifunge? Kwa ajili ya kina, joto na sakafu. Besi huanza kutengeneza viota maji yanapofika nyuzi joto 15 hivi na kuendelea, na tofauti ya nyuzi 2 kati ya ghuba moja na nyingine wakati huo inaweza kukuambia ukae wapi. Sakafu ngumu ya mawe au changarawe hurudisha mwangwi wenye nguvu, wakati mwingine hadi unaona mwangwi wa pili chini ya ule wa kwanza. Tope laini hufifisha. Mahali ambapo tope linakutana na changarawe pana thamani kuliko picha ya samaki yeyote.

Sona ya pembeni ndiyo ninayoitetea kwa kayaki. Inatazama kulia na kushoto badala ya chini, kwa hiyo unakiona kisiki kilicho mita 15 kando bila kumwamsha aliyelala hapo. Unakiwekea alama ya GPS, unazunguka mbali, unatupa. Ina sharti moja: inataka mwendo ulionyooka na wa kasi isiyobadilika. Kila pigo la kafi linaitikisa omo kushoto na kulia, na picha inajikunja vivyo hivyo. Wenye kayaki za pedali wana nafuu kubwa. Tangu watengenezaji wa kayaki Hobie walete mfumo wao wa pedali, MirageDrive, mwaka 1997, mikono ya wavuvi wengi imepata uhuru ambao sisi wa kafi tunauonea wivu waziwazi. Wa kafi apige mapigo mafupi, ya chini, ayaache mengine yaende kwa kuteleza.

Skrini isizidi inchi 7. Kubwa kuliko hapo inakuwa ukuta kati yako na samaki, na mshipi utauzunguka. Chagua yenye vitufe. Skrini ya kugusa ikipata matone huanza kujiamulia mambo, na kidole chenye utelezi wa samaki hakiwasiliani nayo. Iweke pale mkono wako unapofika bila kuegemea mbele, lakini nje ya njia ya kafi. Kaa chomboni nchi kavu, piga kafi hewani, ndipo utoboe tundu la kwanza. Waya ufungwe kila sentimita chache, kwa kuwa kitanzi chochote kinachoning'inia kinasubiri ndoana tatu za chambo chako.

Transdusa, kile kipande kinachotuma na kupokea sauti, ina makao matatu. Inaweza kubandikwa ndani ya tumbo la kayaki ikarusha sauti kupitia plastiki. Inafanya kazi kwa sona ya chini, mradi pasiwe na kiputo cha hewa kwenye gundi, lakini utapata joto la plastiki badala ya la maji, na picha za pembeni usahau. Inaweza kukaa kwenye mkono unaoshuka ubavuni, ambao ni rahisi kufunga na rahisi vilevile kunasa magugu na kugongana na kafi. Bora zaidi ni tundu lililotengenezwa chini ya chombo na kiwanda, likiwa na kinga. Kabla ya kununua kayaki, igeuze uangalie tumbo lake.

Betri ndiyo inayoamua kama vyote hivyo vitafika mchana. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 7 ina uzito wa kilo 2 na zaidi, na haifai kuitumia chini ya nusu, kwa hiyo una ampea-saa 3.5 tu. Sona inayokula ampea 1 itakuzimikia saa tatu na nusu baadaye. Betri ya lithiamu-chuma-fosfeti ya ampea-saa 12 ni nyepesi kuliko hiyo, unaweza kuitumia karibu yote, na volti zake hazishuki taratibu bali hubaki juu mpaka karibu na mwisho. Ni ghali. Inunue hata hivyo, upunguze kwenye skrini. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, na betri yenyewe ikae kwenye kisanduku kisichoingiza maji, kimefungwa kwa mkanda, nyuma ya kiti ambako uzito wake hauinamishi omo.

Imebaki sona ya moja kwa moja, ile inayokuonesha samaki wakiogelea kama video. Kampuni ya Garmin ilitoa yake, LiveScope, mwaka 2018, wengine wakafuata, na mabishano hayajaisha. Yapo mashindano ambayo yameiwekea mipaka. Mimi sina ugomvi wa kimaadili nayo. Inafanya kazi, na mtu akiamua kuvua samaki waliotawanyika kwenye maji ya wazi, hakuna kinachoikaribia. Ugomvi wangu ni kwamba transdusa yake lazima ielekezwe kule unakotaka kutazama. Kwenye boti inafungwa kwenye mota na mguu unaigeuza. Kwenye kayaki ya kafi inakaa kwenye nguzo unayoizungusha kwa mkono, huku upepo ukikigeuza chombo na kuiharibu shabaha kila baada ya sekunde chache. Mkono huo ndio uliokuwa ushike kafi, na ule wa pili una fimbo. Inataka pia kisanduku chake cha ziada na betri kubwa zaidi. Mwenye kayaki ya mota, inayojishikilia mahali kwa GPS, ana hesabu nyingine, na akiniambia ameifunga nitamwelewa. Ya kwangu haina mota, kwa hiyo ile nafasi ya nguzo kwenye reli ya ubavu wa kushoto nimeifunga kishikio cha wavu.